Barua kwa mwanangu kuhusu silaha inayoona

Bweyale

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako niliupata, nikausoma, nikampa baba yako naye akausoma, tukakaa kimya wote wawili. Unasema kampuni iliyokuita kazini inaunda droni za kuuzia majeshi, nawe utashughulika na kamera zake. Unaniuliza mimi niliyeviona vita vya Tanzania na Amin vya mwaka 79: je, silaha inayoona pale inapopiga si itaua raia wachache kuliko zile za zamani zilizorushwa bila kuona?

Baba yako alikuwa na jibu tayari kabla hata hajavua miwani. Unamjua na mambo ya chuma. Alianza na zile ndege za kivita za Su-30 sita ambazo sisi Uganda tulizinunua kwa Warusi, akaja kwenye helikopta zetu tatu za Mi-24 zilizoanguka Mlima Kenya Agosti 2012 zikielekea Somalia, watu saba wakafa kabla ya kumwona adui hata mmoja. Hoja yake ni kwamba chombo kidogo cha bei rahisi kisicho na mtu ndani kingeokoa wale saba. Sina ubishi naye hapo. Lakini swali lako linanipeleka kwingine.

Neno langu mnalijua, mlikuwa mkinimalizia hata kabla sijalisema: umbali ndio silaha yenyewe, vingine ni chuma. Mwenye mkuki alitamani mshale, mwenye mshale akatamani bunduki, mwenye bunduki akatamani mzinga. Wote walitafuta mahali pa kusimama ambapo mkono wa mwenzake haufiki. Ile BM-21 ya Watanzania, ambayo sisi huku tuliita saba saba, ilikuwa lori moja lenye mabomba 40 ya roketi. Zote 40 zinatoka ndani ya sekunde 20 hivi, na roketi inafika kilomita 20. Aliye mwisho wa kilomita 20 hana habari kama kwako kuna mtoto anaumwa au kuna arusi.

Habari za Masaka mnazijua nusu. Ya kukimbia na mbuzi wa bibi yako mnaijua, na ya mjomba wako kulala ndani ya pipa mnaijua, kila Idi anaisimulia upya na pipa linazidi kuwa dogo. Ya yule askari sijawasimulia yote.

Amin, rais wetu wakati ule, aliiteka Kagera ya Tanzania Oktoba 1978, Nyerere akamtoa, kisha wanajeshi wa Nyerere wakavuka mpaka wakawa wanapanda kuja juu. Mwisho wa Februari 1979 ikawa zamu ya Masaka. Sisi tulikaa nje kidogo ya mji, unajua pale, karibu na gereji ya babu yako. Usiku ule mlio ulianza mbali, mwingi kwa pamoja, ukawa unapanda, halafu kimya kifupi, halafu ardhi. Mjomba wako alikuwa anasikiliza na kusema, "Hiyo inapita." Na ilipita. Ya pili, "Inapita." Ikapita. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya bibi yako kwa meno.

Moja haikupita. Iliangukia kwa jirani yetu fundi cherehani, yeye, mke wake na mtoto wao wa kunyonya. Asubuhi tulikuta bati la nyumba yake limejikunja na kujichoma ndani ya mfenesi wetu, juu kabisa, na kichwa cha cherehani kiko kwenye migomba. Sindano ilikuwa haijavunjika, na uzi wa bluu ungali umo. Alikuwa ananishonea sare ya shule.

Siku chache baadaye wakombozi, yaani Watanzania, walipita kwa miguu. Mmoja akaingia uani kuomba maji, kijana mwenye umri wako, viatu vimepasuka. Bibi yako akampa kikombe. Alikuwa hajanywa alipoliona lile shimo, akauliza, "Hapa alikaa nani, mama?" Bibi yako akamwambia, mmoja mmoja, na mtoto akamtaja kwa jina. Yule kijana akakaa juu ya kinu. Akasema yeye ni wa mizinga, kazi yake kupakia roketi. Akasema, "Sisi tunapewa namba za ramani tu, mama." Kisha akauliza wamezikwa wapi. Udongo juu ya makaburi ulikuwa mchache kwa sababu babu yako alizika kwa haraka akihofia mizinga mingine. Yule askari akachukua jembe letu, akajaza udongo, akausawazisha kwa mikono. Lori likapiga honi barabarani. Akaondoka, maji yakabaki kikombeni.

Mimi nilikuwa nimeokota jiwe. Nililishika muda wote aliokuwa anachimba. Bibi yako mpaka anakufa alimwombea kijana yule, akisema ni mwana wa watu na alifika. Mimi nilimjibu kila mara kwamba alifika akiwa amechelewa. Mnakumbuka tulivyokuwa tukigombana jambo hili hata mwezi wa Ramadhani, na nyie mkidhani tunagombana kuhusu Tanzania.

Sasa nikupe haki yako. Kama kijana yule angekuwa na hiyo kamera yako, angeona nguo zilizoanikwa. Angemwona fundi akitoka chooni na taa ya mafuta. Naamini asingepiga, na sare yangu ingemaliziwa kushonwa. Vita vile vilikuwa vipofu pande zote. Mwezi Machi mwaka uleule ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga Mwanza, ikakosa mji na kuua wanyama wa hifadhi. Lukaya nako, jioni ya Machi 10, roketi za upande wa Amin na Walibya zilipita juu ya vichwa vya Watanzania bila kuwapata, lakini kwa mlio ule tu wengi wao walivunja mistari wakarudi nyuma kwa hofu. Ilibidi kikosi kingine kizunguke usiku kiwashambulie Walibya alfajiri ndipo mambo yakageuka. Kwa hiyo ukiniambia kuona ni bora kuliko upofu, nakubali.

Nakubali, halafu nakumbuka Dedebit. Huko Tigray, Ethiopia, Januari 7, 2022, droni ilipiga shule waliyokuwa wamejihifadhi wakimbizi wa ndani, wakafa zaidi ya watu 50. Chombo kile kilikuwa na kamera. Hapo hakukuwa na namba za ramani za kusingizia giza. Jicho lilikuwapo, na mkono ukabonyeza. Basi mwanangu, kuona na kujali ni vitu viwili, na kiwanda chako kitauza kimoja tu.

Hapa sokoni Bweyale yuko mama wa Kisudani anauza chai, amekuja na wanawe kutoka Khartoum baada ya vita vya Aprili 2023 kuanza. Bodaboda ikipanda kilima kwa gia ndogo, ule mlio wake wa kukazana, yeye huacha birika na kutazama juu. Wateja wamezoea. Juzi nilimwuliza nini hasa kilimtisha huko, nikidhani atasema bomu. Akasema ni kusikia inazunguka bila kupiga, unasubiri, hujui inamtazama nani. Saba saba haikuwa hivyo. Ikipita imepita, unapumua. Hii inakaa.

Na Ukraine baba yako ananionyesha kwenye simu yake kila usiku, hata nikikataa. Droni ya dola mia chache inaingia mlango wa kifaru cha mamilioni. Wanatandaza nyavu juu ya barabara kilomita kwa kilomita ili magari yapite chini yake. Majeruhi analala shimoni siku nzima kwa sababu wanaokuja kumchukua wataonekana. Adui akivuruga mawimbi ya redio, wao wanafunga waya mwembamba wa faiba unaofunguka nyuma ya droni umbali wa kilomita 10, hata 20. Nilipoisikia hiyo 20 nilimwambia azime simu.

Hili la bei ndilo naliona kubwa kuliko kamera. Zamani umbali ulinunuliwa na serikali. Amin alikuwa nao, Nyerere alikuwa nao, fundi cherehani hakuwa nao. Leo unauzwa kwa kila mtu. Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan, mji uliokuwa mbali mno na mstari wa mapigano, ambako watu walikuwa wamekimbilia wakidhani wamepona, na jeshi la Sudan likawalaumu RSF, wapiganaji linaopigana nao. Kundi lisilo na hata bendera ya nchi linafika mahali ambapo mwaka 79 ungehitaji ndege kutoka Libya. Wewe unasema silaha hizi zitapunguza vifo kwa sababu zinalenga vizuri. Kwa pigo moja, huenda. Lakini kitu kikishakuwa rahisi, mtu haulizi tena kama kuna haja ya kukitumia.

Kaka yako aliye jeshini ananipinga, nawe ungempigia makofi. Anasema mimi na umbali wangu sijawahi kuona gari la bomu. Kweli, Mei 26, 2023, wale Al-Shabaab walioingia kambi yetu ya Buulo Mareer, Somalia, walikuja na magari yaliyojaa baruti na watu waliojifunga mabomu, wakawaua askari wetu 54. Unakumbuka siku zile simu yake haikupatikana na baba yako akawa anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Mtu anayejilipua hana umbali hata wa hatua moja. Hapo neno langu lilipata taabu, nalijua. Nililifikiri muda mrefu, nikamjibu kaka yako kwamba aliyemtuma yule dereva alikuwa amekaa mbali salama, anasubiri habari. Akanyamaza. Sijui kama alikubali au mtandao ulikatika, lakini bado nasema: umbali ndio silaha yenyewe.

Sasa nirudi kwako na kamera zako, maana ndiko nilikokuwa naelekea. Yule kijana wa mizinga hakuona kabla, aliona baada. Miguu yake ilimleta, kwa sababu jeshi lilikuwa linatembea na lilipita palepale lilipopapiga. Alilazimika kulijua jina la mtoto. Mwenye droni anaona kabla, anaona wakati wa pigo, halafu anaigeuza au inakuwa imekwisha kulipuka, na hafiki kamwe. Hakuna kinu cha kukalia. Hakuna atakayemwambia mmoja mmoja. Nilimbishia bibi yako miaka yote kwamba kufika kwake hakukumrudisha mtu, na sijabadili. Lakini tangu nisome ujumbe wako naona alichokuwa anakitetea bibi yako, nacho kinaondolewa vitani, na wanaokiondoa ni mafundi wazuri kama wewe.

Tena kuna hili ambalo baba yako alinieleza nami nikamfanya arudie mara mbili. Mawimbi yakivurugwa, wengine sasa wanaweka programu ndani ya droni ili ishike shabaha yenyewe hatua za mwisho, mtu akishapoteza picha. Kwa hiyo kamera yako inaweza isiwe ya mtu kuonea. Inaweza kuwa ya chombo kujionea, na mtu akabaki na kioo cheusi. Hapo swali lako la silaha inayoona linageuka lote. Nani ndiye aliyeona?

Najua unasubiri niseme ndiyo au hapana. Ninalo neno, liko hapa mdomoni, na baba yako anajua ni lipi kwa sababu nimelisema jikoni kwa sauti. Lakini wewe ni mtu mzima, una ada za wadogo zako unazosaidia kulipa, na nchi yetu ina mipaka yenye moto: Kongo majeshi yetu yako tangu Novemba 2021, kaka yako yuko alipo, na sitaki askari wetu wawe ndio wasio na macho huku wenzao wanayo. Nikifikiri hivyo karibu nikwambie nenda. Nikilifikiri bati ndani ya mfenesi nakwambia kaa. Nimekwenda na kurudi hivyo tangu Jumanne na nimechoka, basi nalishikilia neno langu mpaka unijibu.

Kamwulize huyo aliyekuita mambo haya. Picha za kamera zako zinahifadhiwa muda gani baada ya pigo, na nani ana haki ya kuziona, hata huyo aliyepigwa? Kuna mtu anayetumwa kwenda mahali palipopigwa kutazama kwa miguu yake, au hesabu inafanywa kwenye skrini tu? Na hiyo programu ya kujishikia shabaha wanayo au wanaitaka? Akikujibu kwamba hayo si ya fundi, niandikie maneno yake kama alivyoyasema. Usinipigie simu, utayapunguza ukali kwa ajili yangu. Niandikie niyasome mwenyewe, ndipo nitakwambia langu.

Mama yako