Kuruka dawa za presha: hela tuliyookoa na hela iliyotutoka

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna ubaya mama yako kumeza dawa za presha siku anapojisikia vibaya tu, maana kila mwezi zinakula hela. Sisi hapa Tabora tulimwachia mzee wetu afanye hivyohivyo, na bado roho inaniuma.

Mzee aliandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Miezi minne alimeza bila kukosa. Presha ikatulia, akasema amepona. Tangu hapo akawa anameza kichwa kikimuuma, na siku tatu kabla ya kliniki ili vipimo viwe vizuri. Zile 6,000 za kila mwezi zikashuka, tukafurahi. Mwaka uliofuata, alfajiri akitia udhu, kiharusi kikamwangusha. Mkono na mguu wa kulia vikapooza.

Daftari la matumizi ninalo hadi leo. Kitanda, vipimo, pampasi, mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na bajaji kwenda na kurudi, maana kwenye bodaboda hawezi kukaa. Wiki mbili za mwanzo peke yake zilizidi dawa za miaka mitano. Na humo sijaandika genge la dada yangu, alilolifunga ili amuuguze.

Watafiti huhesabu siku ambazo mgonjwa alikuwa na dawa mkononi. Akifikisha asilimia 80 huhesabiwa mtumiaji mzuri. Lakini angalia pia mwenendo. Anayesahau kidonge kimoja kimoja na anayemeza vizuri nusu mwaka kisha akaacha kabisa wanaweza kuwa na hesabu moja mwisho wa mwaka, ila huyu wa pili ana miezi sita mizima presha ikipanda bila kizuizi. Tafiti za Marekani kwa wagonjwa wa kisukari na presha zilikuta wanaomeza sawasawa hulipia dawa zaidi, na gharama za kulazwa hupungua kuliko nyongeza hiyo.

Kwa hiyo leo hesabu vidonge vya mama. Kama alianza na 30 tarehe 1, tarehe 20 usiku vibaki 10. Vikizidi, usimgombeze, wala asimeze viwili kufidia. Muulize kinachomkwaza. Mzee wetu alikuja kusema baadaye kabisa kwamba miguu ilikuwa inamvimba, akaona haya kumwambia daktari. Amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na dawa nyingine za presha zipo. Angebadilishiwa.