Kura ya filamu bora imetugombanisha: nifute matokeo?

SWALI

Jambo sana, yaya, mkubwa wangu. Mimi ni msimamizi wa kikundi cha wapenda filamu kwenye WhatsApp. Tuko watu arobaini na kitu, wengi wa Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, na kila Desemba tunachagua filamu ya mwaka. Safari hii zilibaki nne: ya ngumi, ya familia kutoka Naijeria, ya kuchekesha kutoka Tanzania, na dokumentari moja ya hapa Kongo ambayo mimi iliniliza. Walipiga kura watu 31. Ya ngumi ikapata 11, ya Naijeria 8, ya Tanzania 7, dokumentari 5. Nilipotangaza tu, matusi yakaanza. Kumbe mwenzetu mmoja aliingiza binamu zake watano wa Likasi usiku wa kuamkia kura, na wote watano wakaipigia ya ngumi. Wawili wametoka kikundini. Wengine wanasema dokumentari ni ya mwaka juzi, haikustahili hata kuwekwa. Nifute yote turudie? – Dada wa Katuba

JIBU

Mdogo wangu, samahani kwa kuchelewa, ila nusu ya kosa ni yako. Nilikuomba uwaulize wote 31, pamoja na hao wa Likasi na hao wawili wenye hasira: kama filamu yako isingekuwepo, ungechagua ipi? Na baada ya hiyo, ipi? Ukachukua siku kumi, kisha ukanitumia picha nne za daftari la shule, kwa mwandiko wa mtu anayeandika huku anasonga bukari, yaani ugali.

Nilikaa nazo Jumapili jioni, umeme umekwenda, simu nimeiegemeza kwenye chupa inimulikie. Kuhesabia nilitumia vifuniko vya bia, Simba na Tembo, ambavyo viko kwenye kopo la maziwa tangu miaka ya tisini nilipokuwa na ukumbi wa video Kamalondo. Benchi tisa, televisheni moja, na deki iliyofanya kazi baada ya kupigwa kofi. Kanda ya usiku walichagua watazamaji wenyewe: makopo matatu mlangoni, kila aliyelipa anapewa kifuniko, anakitupa kwenye kopo la kanda anayoitaka. Mtoto wa jirani akawa anakuja na vifuniko vyake mfukoni kutoka nyumbani. Kwa hiyo binamu wa Likasi wala siwashangai.

Nikapanga mafungu manne mezani: 11, 8, 7, 5. La dokumentari ndilo dogo, nikalivunja, lakini vifuniko vyake sikuvitupa. Kila kimoja nilikipeleka kwenye jina la pili la mwenyewe. Vinne vikaenda Tanzania, kimoja Naijeria. Sasa ngumi 11, Tanzania 11, Naijeria 9. Nikavunja la Naijeria: vinane Tanzania, kimoja ngumi. Ikawa Tanzania 19, ngumi 12. Filamu uliyoitangaza ya tatu ndiyo ambayo watu 19 kati ya 31 wanaiweka mbele ya ile uliyoipa ushindi.

Halafu nikafanya uchokozi, nikaondoa vifuniko vitano vya Likasi. Kwa hesabu yako, ya ngumi inabaki na 6 na Naijeria inashinda kwa 8. Kwa kuhamisha vifuniko, wa kwanza kuvunjwa ni dokumentari tena, anafuata ngumi, na vile 6 vyake vinagawanyika: vinne Tanzania, viwili Naijeria. Mwisho Tanzania 15, Naijeria 11. Yaani binamu watano wameweza kukubadilishia mshindi kwa njia yako, na kwa njia hii nyingine wangekuwa wamejisumbua bure.

Usidhani nimeibuni mimi. Kule Marekani wanaotoa Oscar wanaihesabu hivi filamu bora tangu walipopanua orodha kutoka filamu 5 hadi 10, kwenye tuzo zilizotolewa Machi 2010. Filamu kumi zikigawana kura, moja inaweza kushinda kwa kupita kidogo tu sehemu moja ya kumi, na wote waliobaki hawaitaki. Mwigizaji bora na wenzake bado wanahesabiwa kama ulivyohesabu wewe. Sisi Wakongo jambo hili tunalijua kwa jina lingine: 2006 rais tulimchagua kwa duru mbili, Januari 2011 katiba ikabadilishwa ikawa duru moja, anayeongoza anachukua hata asipofika nusu. Naishia hapo, safu hii ni ya filamu.

Sasa, ufute? Hapana. Vifuniko vyangu vinasema ufute lakini mimi nasema hapana. Watu waliambiwa mwenye nyingi anashinda, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyeingia jana hapigi kura. Ukirudia leo, wa ngumi nao watakuwa na haki ya kudai urudie kesho. Ya ngumi ibaki na ushindi wake wa 11, na daftari lako waonyeshe wote, bila maneno mengi.

Mwaka huu ujao, funga orodha ya wapiga kura mapema, tuseme 1 Novemba. Na achana na ile kura ya WhatsApp. Ni nyepesi, inabeba majibu mpaka 12, lakini kila mtu anaona nani kachagua nini, na watu wetu wakiona filamu imetangulia wanaifuata kama basi linaloondoka. Kila mmoja akutumie majina matatu kwa mpangilio, faraghani, na uhesabu ukiwa na shahidi ambaye ladha yake ya filamu inakuudhi. Mtu akikushauri kutoa alama, wa kwanza kumi, wa pili tisa, mkatalie. Tulijaribu sisi, na kila mtu akampa mpinzani wa filamu yake alama moja, hata kama ameitazama mara tatu.

Linaloniuma mimi kwenye daftari lako ni jingine. Pembeni mwa dokumentari umeandika "hajaiona" mara 17. Watu 17! Iliyoonyeshwa jioni moja tu kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile, mjini, siku ya kazi, unategemea nani ashuke kutoka Ruashi? Hata Oscar wamelishtukia hili: kuanzia tuzo za 2026, mjumbe hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Aliyeitazama nje ya mtandao wao anajaza fomu aeleze wapi na lini. Mtu anaweza kudanganya, ndiyo, lakini angalau atadanganya kwa maandishi. Wewe huhitaji fomu. Mwandikie aliyetengeneza hiyo dokumentari, muombe ruhusa, muionyeshe ukutani kwenye lupango, yaani uani, kwa mtu mwenye jenereta, kwa shuka jeupe. Watengenezaji wetu wengi wanatamani watazamaji wa hapa kuliko unavyofikiri. Wa ngumi waje pia, wapewe karanga.

Na hilo la mwaka juzi. Ukisema filamu ya mwaka ni iliyotoka Ulaya au Marekani mwaka huu, umewapa ushindi wenye kadi ya benki na forfe, yaani kifurushi, ya intaneti isiyoisha. Mtengenezaji filamu Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi. Filamu yake ndefu ya kwanza ilipata tuzo Cannes Mei 2023, kisha Ubelgiji ndiyo iliyoipeleka kushindania Oscar, si Kongo. Wangapi Katuba waliiona mwaka huohuo? Filamu inahesabiwa mwaka inapokufikia. Wakikubishia, watajie Charlie Chaplin: *Limelight* ni ya 1952, lakini haikuonyeshwa Los Angeles mpaka 1972, na ikapata Oscar ya muziki 1973, baada ya miaka ishirini na zaidi. Kama wao waliweza kungoja miaka 20, dokumentari yenu ya miaka 2 bado mbichi.

Wale wawili waliotoka wapigie simu, usiwaandikie. Wa kwanza aliipigia ile ya Naijeria, atarudi. Wa pili, aliyeondoka akisema hawezi kukaa na watu wanaopigia kura ngumi na mateke, umeandika pembeni: "alijibu kwa simu, na hasira." Jina lake la kwanza ni dokumentari. La pili Tanzania. Nimeukuza ukurasa ule mara mbili kuhakikisha: la tatu, kabla ya ya Naijeria, ametaja ile filamu ya ngumi.