Maswali yenu: msuli unapolegea

Msuli ukilegea si ndiyo umepumzika, hautumii nguvu?

Wengi hudhani hivyo, kumbe kulegea nako ni kazi. Msuli hukaza pale kalsiamu inapomwagika ndani ya seli zake, nyuzi za protini ziitwazo aktini na miosini zikapata kushikana. Ili ulegee, kalsiamu hiyo lazima isukumwe irudi ghalani, na miosini ibanduke. Kazi zote mbili zinakula ATP, nishati ya seli. Mtazame maiti: saa chache baada ya kufa ATP imekwisha, nyuzi zimeng'ang'aniana, mwili umekakamaa kama gogo. Haulegei mpaka protini zenyewe zianze kuharibika.

Na moyo je, hupumzika lini?

Kila pigo. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hutumia sekunde 0.8 kwa pigo moja: kama 0.3 ya kukaza, 0.5 ya kulegea na kujaa damu. Ile namba ya chini ya presha ni ya wakati huo wa kulegea. Tena misuli ya upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake zaidi wakati huo huo, maana ikikaza huibana mishipa inayoilisha. Mapigo yakienda mbio, muda unaoliwa zaidi ni huo. Wapo wagonjwa ambao moyo unasukuma vizuri ila haulegei sawasawa, na bado miguu inavimba, pumzi inawaishia.

Dawa ya kulegeza misuli kwenye upasuaji ndiyo ya usingizi?

Hapana! Dawa kama rokuroniamu huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli, basi. Hailazi mtu wala haiondoi maumivu, kwa hiyo dawa ya usingizi hutolewa kando. Misuli ya kupumua nayo hulegea, ndiyo maana mgonjwa hupumulishwa kwa mashine.

Daktari kaniambia nijifunze kulegeza mwili. Naanzaje?

Anza kwa kukaza. Ni njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyeiandikia kitabu mwaka 1929. Kunja ngumi kama sekunde tano, achia, usikilize mkono unavyokuwa mzito. Kisha mabega, halafu uso. Taya ndiyo husahaulika sana. Hapo ulipo unasoma, meno yako ya juu na ya chini yamegusana?