Jinsi ya Kumpa Mwakilishi Wadi Swali Ambalo Serikali Haiwezi Kulikwepa

Siku swali letu lilipoulizwa kwa mara ya kwanza katika bunge la kaunti, nilikuwa nimeketi sehemu ya wageni pamoja na wenzangu wawili wa kamati ya soko, tumevaa nguo za Jumapili ilhali ilikuwa Jumatano, na tulitoka pale na jibu la dakika mbili ambalo hadi leo naweza kulikariri bila kukosea. Swali lilikuwa hili: serikali ya kaunti hutumia vipi pesa za ushuru zinazokusanywa sokoni? Jibu, lililosomwa na mwenyekiti wa kamati husika, lilisema kwamba mapato yote huwekwa katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti kwa mujibu wa Katiba, na kwamba serikali itaendelea kuboresha masoko kadiri fedha zitakavyopatikana. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Hapakuwa pia na neno ambalo mama muuza mrenda angeweza kurudi nalo nyumbani.

Soko letu liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Barabara hiyo hupita katika kaunti tatu, nami sitasema sisi tuko katika ipi, kwa maana waliotujibu bado tunakutana nao mazishini na kanisani. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninauza mahindi na maharagwe kwa gorogoro, na ukatibu wa kamati niliupata kwa sababu ya mwandiko tu. Kilichotupeleka bungeni ni choo. Kilijengwa, kikapakwa rangi ya samawati, kisha kikatiwa kufuli, na kwa zaidi ya mwaka mzima akina mama wa soko wakawa wanakwenda kuomba choo katika hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, huku kanjo, askari wa kaunti anayekusanya ushuru, akipita kila asubuhi na kitabu chake cha tiketi. Bibi mmoja auzaye managu aliniuliza, “Mwalimu, hizi pesa tunalipia kukaa ama tunalipia kujizuia?”

Swali lile la bibi lilikuwa bora kuliko lile nililokuwa nimeliandika mimi kwa maneno ya kisomi. Nililigundua hilo baada ya kusoma ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya, ambayo namshauri yeyote anayetaka kuuliza habari za kodi aisome kabla ya kumwona mheshimiwa, yaani mwakilishi wadi, mjumbe wa wadi yake katika bunge la kaunti. Ibara hiyo inaipa serikali ya kitaifa kodi ya mapato, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, inaziachia kaunti kodi ya ardhi na majengo pamoja na ya burudani, kisha inaziruhusu serikali zote mbili kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Kile tunachokiita ushuru wa soko kimo katika fungu hili la mwisho: ni malipo ya huduma. Ukishajua hivyo, huulizi tena pesa zinakwenda wapi, swali ambalo jibu lake ni Mfuko wa Mapato na mjadala umekwisha. Unauliza ni huduma ipi uliyolipia, na iko wapi. Ibara ya 210 nayo inasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na kwa kaunti sheria ya kuangalia kwanza ni Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo ina jedwali refu la viwango mwishoni. Wengi husoma vifungu vya mwanzo wakachoka. Anza na jedwali.

Sisi tulipolisoma jedwali tulikuta kwamba mchuuzi anayeuza chini na mwenye kibanda hawatozwi kiwango kimoja. Wa chini alipaswa kulipa Sh30 kwa siku, wa kibanda Sh50. Wenzangu walikuwa wamekaa juu ya magunia miaka yote wakilipa Sh50.

Hapo tukaanza kukusanya ushahidi, na kazi hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyotufaa kuliko nyingine zote. Nilinunua daftari la kurasa 96 na chupa ya gundi. Kwa mwezi mmoja, wachuuzi 18 waliokubali waliniletea tiketi zao kila jioni, nami nikazibandika ukurasa kwa ukurasa, juu yake nikiandika tarehe, bidhaa inayouzwa, na kama mwenyewe ana kibanda au anauza chini. Tiketi zina nambari zinazofuatana, kwa hiyo baada ya siku chache tu unaona kitabu kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Wapo walioogopa kwamba kanjo angewafahamu na kuwasumbua. Hao hatukuwashurutisha, na majina ya waliokubali hayakuandikwa popote ndani ya daftari. Kama soko lenu hulipa kwa simu, kazi ni nyepesi zaidi, ila mwambieni kila mtu asifute ujumbe wa malipo. Daftari lenyewe usimpe mtu. Mpe mheshimiwa nakala za kurasa chache zilizo safi, ubaki na asili.

Kuhusu kumwendea mheshimiwa, mimi nilikosea mara mbili. Kwanza nilimwendea kwenye matanga, mahali ambapo kila mtu humvuta shati, akaniahidi na kusahau kabla hajafika garini. Pili nilimwendea ofisini siku ileile ambayo kamati yetu ilikuwa imemwomba mchango wa harambee ya kanisa, na hapo nikajifunza jambo ambalo sikulipenda: ukiwa umempokea mwakilishi wadi pesa asubuhi, mchana huna uso wa kumtuma kazi yake, naye anajua hivyo. Safari ya tatu nilikwenda na karatasi moja. Upande wa mbele palikuwa na swali lenyewe, limepigwa chapa likiwa tayari kusomwa, na upande wa nyuma palikuwa na maswali matatu ya nyongeza, kila moja na jibu tulilotarajia serikali ingetoa. Wawakilishi wengi hawana mtu wa kuwafanyia utafiti, na swali linalofika likiwa limeiva hulishinda lile ambalo bado ni malalamiko.

Wetu alisita, kwa kuwa chama chake na cha gavana ni kimoja. Sikumlaumu. Tulifuta neno “ubadhirifu” na neno “wizi”, tukaacha tarehe, kiasi na vifungu, na nionavyo mimi swali lilipata makali zaidi baada ya kuvuliwa hasira. Lilisomeka hivi: katika mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilikusanywa katika soko hili, mwezi kwa mwezi, wachuuzi wanaouza chini wanatozwa chini ya kipengele kipi cha jedwali la Sheria ya Fedha, na choo cha soko kilikabidhiwa serikali na mkandarasi tarehe gani, na ufunguo wake uko kwa afisa gani?

Bunge lilicheka liliposikia habari za ufunguo. Lakini angalia vizuri: kila sehemu ya swali hilo ina jibu la nambari, la kipengele, la tarehe au la cheo cha mtu. Waziri wa kaunti hawezi kulijibu kwa kusema kwamba serikali ina nia njema. Akinyamaza, kunyamaza kwenyewe kunaingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge.

Jibu lilipokuja lilikuwa na miezi kumi yenye takwimu na miwili isiyokuwa na kitu, jambo ambalo wajumbe waliliona wenyewe bila kuoneshwa. Choo, kumbe, kilikuwa hakijakabidhiwa kamwe, kwani mkandarasi alikuwa akidai malipo yake ya mwisho, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kuhusu Sh50 tuliambiwa kuwa kulitokea “kosa la uainishaji”. Sijawahi kusikia jina zuri kama hilo kwa jambo kama hilo.

Nisije nikaonekana mjanja kuliko nilivyo, nieleze pia kosa letu la tatu. Baada ya ushindi huo tulimtuma mheshimiwa aulize habari za mtaro unaofurika kila mvua kubwa inaponyesha na kuyaleta maji hadi kwenye magunia yetu. Tulijibiwa upesi, tena kwa furaha iliyojaa, kwamba mtaro huo ni wa barabara kuu, na barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa. Tulipoteza miezi kwa kugonga mlango usiohusika. Masoko, zahanati, vituo vya afya, barabara za kaunti na chekechea muulize mwakilishi wadi. Polisi, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu na kodi zinazokusanywa na KRA, mamlaka ya ushuru ya kitaifa, mpelekee mbunge. Pesa ambazo kaunti inapokea kutoka Nairobi, ambazo Katiba inataka zisipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, ni eneo la seneta.

Kwa mbunge mambo yamebadilika kidogo. Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, kwa hiyo kwa miaka mingi maswali yalijibiwa katika kamati, lakini tangu 2023 mawaziri hufika mbele ya kikao kizima cha Bunge la Taifa kujibu. Hiyo ni nafasi nzuri, ingawa hupotezwa kwa maswali mapana. Mwaka huohuo wa 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ushuru wa mauzo kwa biashara zenye mapato ya kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka ukapanda kutoka asilimia moja hadi 3. Ukimwuliza waziri kwa nini kodi zimepanda, atakusomea hotuba ya bajeti. Afadhali umwulize ni ofisi ipi ya karibu inayomhudumia mwenye duka la jumla katika eneobunge lenu anapotozwa kimakosa, na ni madai mangapi ya aina hiyo yaliyotatuliwa kufikia tarehe fulani.

Wakati nao una uzito wake. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na Mswada wa Fedha hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi, ile inayoidhinisha bajeti, kupita. Maana yake ni kwamba swali la ukarabati likiulizwa Februari au Machi linaweza kupata fungu, na swali la viwango vya ada likiulizwa kati ya Julai na Septemba linawakuta wajumbe wakiwa na mswada wenyewe mezani. Sisi swali la viwango tuliliuliza Novemba. Tulisikilizwa kwa adabu.

Na ikiwa mheshimiwa hataki kabisa? Zipo njia mbili ambazo hazipiti mlangoni kwake. Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016: unaandika barua kwa ofisi inayohusika ukitaja waraka unaoutaka, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, ikikataa, unapeleka ombi la kupitiwa upya kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu. Omba waraka, usiombe maelezo. Ya pili ni ombi rasmi kwa bunge, ambalo katika lugha ya bungeni huitwa ardhilhali. Bunge la Taifa hupokea lililoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila maneno yaliyokatwakatwa, likieleza ni juhudi gani mlizokwisha kufanya na mlijibiwaje, na kama suala liko mahakamani au la. Mwishoni huwekwa ombi lenyewe, kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za vidole gumba. Ibara ya 119 inampa haki hiyo kila mtu. Binafsi naona ni heri kuanza na barua ya siku 21, kwa kuwa hata isipojibiwa, nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndiyo inayokuwa juhudi mliyokwisha kuifanya.

Jambo jingine nililochelewa kulijua ni ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na za Msimamizi wa Bajeti, ambazo ziko wazi kwenye intaneti na zinaeleza kaunti kwa kaunti. Sentensi moja ya Mkaguzi Mkuu ikinukuliwa na ukurasa wake ndani ya swali humwondolea mwakilishi wadi lawama ya kwamba ametumwa na wapinzani. Kijana wa duka la kuchapisha karatasi hunitolea kurasa ninazotaka kwa Sh10 kila moja, na siku hizi haniulizi tena ni za nini.

Choo kilifunguliwa wiki tatu baada ya jibu. Kina maji siku nne kwa wiki, na mama mmoja amekabidhiwa ufunguo ambao huufunga kwa kamba kiunoni. Tiketi za wanaouza chini zimeshuka hadi Sh30. Zile Sh20 za ziada za miaka iliyopita hazijarudi, na swali kuhusu miezi miwili isiyo na takwimu liko kwa karani wa bunge tangu kikao kilipokwenda mapumzikoni. Daftari la pili nimelinunua la kurasa 200.