Usisubiri shahada ndipo uanze

Mdogo wangu, umeuliza kama lazima upate shahada kwanza ndipo uongoze shirika la kutetea wakazi wa uswahilini. Hapana. Soma, ila usiisubiri.

Jockin Arputham wa India alikuwa fundi seremala, akaishi kwenye makazi duni ya Mumbai. Miaka ya 1970 akaanzisha shirikisho la kitaifa la wakazi wa makazi hayo, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Kilichombeba ni kuwajua majirani zake.

Hapa kwetu Dar es Salaam, angalia Kurasini. Nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi ya wakazi waliokuwa wakiweka akiba kwenye vikundi walinunua ardhi Chamazi wakajenga. Daftari la akiba lilifanya kazi ambayo mabango yasingeifanya.

Mimi nilianzia Tandale, natembea na kalamu nikihesabu vyoo. Mama mmoja akanishika mkono hadi chumbani, akanionyesha alama ya maji ya mafuriko ukutani, usawa wa kitasa cha mlango. Tuliipima, tukapima na nyumba za jirani, tukapeleka vipimo serikali ya mtaa. Siku ile ndipo tulipoanza kusikilizwa.

Kwa hiyo jitambulishe kwa mjumbe wako, hudhuria mikutano ya mtaa, omba kuwa katibu wa kikundi. Na jifunze mahesabu, tafadhali sana. Vikundi vingi huvunjikia kwenye pesa. Usajili chini ya Sheria ya NGO ya 2002 utafuata.