Usikidharau chama cha mawakili Walatino

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe, mwanafunzi wa sheria huko Texas, mama Mtanga na baba Mmeksiko, ujiunge na Hispanic National Bar Association, chama cha mawakili Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini), au ni kupoteza ada tu.

Jiunge. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1972, mawakili wa asili hiyo wakiwa wachache mno, na kwa miaka mingi kilipigania jaji Mlatino katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2009 Obama akamteua Sonia Sotomayor, binti wa Bronx, New York. Seneti ikampitisha kwa kura 68 dhidi ya 31.

Lakini soma pia waliotangulia, tena hapo hapo Texas. Mwaka 1954 mawakili Gus Garcia na Carlos Cadena walifikisha kesi ya Pete Hernandez, Mmeksiko aliyehukumiwa kwa mauaji, hadi Mahakama ya Juu. Jackson County, wilaya ya Texas alikohukumiwa, ilikuwa imekaa miaka 25 bila Mmeksiko hata mmoja kwenye juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na upande wa serikali ukashikilia kwamba Wameksiko ni weupe, hivyo hakuna ubaguzi. Basi tazama vyoo vya wanaume kwenye jengo la mahakama la Jackson County: kimoja hakikuandikwa kitu, kingine kiliandikwa ni cha weusi, na chini yake “Hombres Aquí”, wanaume hapa. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliwapa Garcia na Cadena ushindi. Mimi kila nikikumbuka bango lile moyo huniuma.

Ukishajiunga, omba wakili mzoefu akushike mkono, na ushiriki mashindano yao ya kesi za mazoezi, yaitwayo Uvaldo Herrera. Usingoje mwaka wa mwisho.