Usianze na Nietzsche ukiwa na majonzi

Nilipofeli mtihani wa mwisho kwa mara ya pili nilikuwa na miaka 23. Nilijifungia chumbani na kitabu cha Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, nikajitangaza mnihilisti, yaani mtu asiyeona maana katika chochote. Nikiulizwa kama nitakula, najibu, "Kwani kula kuna maana gani?" Kisha nakula. Wiki ya pili kaka akakichukua kile kitabu, akakigeuza atazame kingo za kurasa. Arobaini za mwanzo zimechakaa kwa vidole. Zilizobaki safi, kama ndiyo kwanza zimetoka kiwandani.

"Hiki hujakisoma, mdogo wangu," akasema. "Umekinusa."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Tangu hapo nimeisoma historia ya unihilisti polepole, na ushauri nilio nao kwa yeyote anayevutwa na mambo haya ni mmoja: fuata miaka. Ukiruka, utadhani unihilisti ni jina la kisomi la kukata tamaa. Haukuanza hivyo.

Neno lenyewe linatokana na Kilatini nihil, yaani "si kitu". Mwaka 1799 mwanafalsafa Friedrich Jacobi alilitumia kama shutuma katika barua yake kwa mwanafalsafa mwenzake, Fichte: falsafa inayotaka kujenga kila kitu juu ya akili ya binadamu peke yake, mwisho wake itabaki na utupu. Hapo pita haraka. Barua ni ngumu kama mfupa.

Kaa kwa Turgenev, mwandishi wa Kirusi. Riwaya yake ya Baba na Wana ilitoka mwaka 1862, na ndiyo iliyolitia neno hili vinywani mwa watu Urusi nzima. Bazarov, mwanafunzi wa udaktari, hainamii mamlaka yoyote wala hakubali kanuni kwa kuambiwa tu. Lakini hebu tazama siku yake: asubuhi mapema yuko bwawani anakamata vyura akawapasue. Huyu asiyeheshimu kitu ndiye mchapakazi pale nyumbani, na mimi niliyejidai mfuasi wake nilikuwa naamka saa sita mchana.

Na kifo chake! Anashiriki kupasua maiti ya mkulima aliyekufa kwa taifasi, anajikata kidole, na daktari wa wilaya hana dawa ya kuchomea kidonda. Saa kadhaa baadaye anamwomba baba yake dawa hiyo kwa sauti tulivu, kama mtu anayeomba kiberiti. Baba naye alikuwa tabibu jeshini, kwa hiyo hahitaji kufafanuliwa sana. Ukurasa ule niliusoma mara tatu. Bazarov amekataa kila kitu, na bado kuna mzee anayekitazama kidole chake huku akitetemeka.

Baada ya hapo neno lilichafuka. Mwaka 1869 kikundi cha mwanamapinduzi Nechaev kilimuua mwenzao, mwanafunzi Ivanov, mjini Moscow, na mwandishi Dostoevsky akaigeuza kesi hiyo kuwa riwaya. Mwaka 1881 Tsar Aleksandr wa Pili, mfalme wa Urusi, aliuawa kwa bomu, wauaji wakaitwa wanihilisti. Mimi naona jina hilo waliazimwa tu: watu waliokuwa tayari kufia mapinduzi walikuwa na imani kuliko waumini wengi.

Sasa ndipo mchukue Nietzsche. Katika kitabu chake cha 1882 kuna mwendawazimu anayeingia sokoni asubuhi kweupe na taa inayowaka, akilia kwamba anamtafuta Mungu. Wanaomcheka, na hili ndilo nililopitiwa nalo nikiwa na miaka 23, ni watu ambao tayari hawaamini. Yeye peke yake ndiye anayeona uzito wa kilichopotea. Anaibwaga taa chini, inavunjika, anasema amekuja mapema mno. Je, huyo ni mtu anayeshangilia? Nietzsche alikuwa tabibu anayetaja ugonjwa, nami nilikuwa nimeupokea ugonjwa kama dawa.

Camus, mwandishi Mfaransa, mwaka 1942 alianza na swali la kujiua na akajibu hapana. Msome kabla ya Kichwamaji cha Kezilahabi (1974), ambamo Kazimoto anaishia kujiua. Ni riwaya kali, yenye Kiswahili kinachokata, ila usiishike ukiwa katika hali niliyokuwa nayo mimi. Kukosa usingizi wiki mbili si falsafa. Funga kitabu, umweleze mtu. Mimi nilibahatika kuwa na kaka mchunguzi wa kurasa.

Mtihani niliurudia mwaka uliofuata, nikapita kwa alama za kubahatisha. Kile kitabu hajanirudishia mpaka leo. Majuzi nilimuuliza amefika wapi, akasema ukurasa wa 38.